Cheni ya Kaka na Vizibao Vyangu

Shemeji, mwanetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa posta, na wote mliofika kumsindikiza kaka yangu: poleni, na asanteni kwa kuja. Kwenye karatasi mliyoshika, chini ya picha, kuna wasifu wa nusu ukurasa. Huo ni wa kweli, lakini ni mfupi. Huu ninaousoma ni mrefu zaidi. Shemeji aliusoma jana mezani pake, akaniambia, "Soma wote. Usiruke hata mstari." Basi sitaruka.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Saa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi, niliyemfuata baada ya miaka mitatu. Baba yetu alikuwa seremala. Babu, aliyeishi nasi, alikuwa mpiga kengele wa stesheni. Mama alipenda kusimulia kwamba kaka alizaliwa amekunja ngumi, na mimi nilizaliwa vidole wazi. Sijui kama ni kweli au alikuwa akituchekesha. Ninachojua ni kwamba kila kitu nilichokitaka utotoni, nilipofika nilikuta kaka ameshakishika.

Alianza shule Januari 1954 na kumaliza darasa la nane Desemba 1961, akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi thelathini na tisa. Alikuwa na mwandiko mzuri mno, hata mwalimu mkuu akawa anamwita ofisini kumwandikia barua zake. Hesabu zilimpiga chenga, na kazi za mikono ndizo zilizomshinda kabisa. Aliwahi kushona kifungo cha shati lake mwenyewe akakiunganisha na kaptura aliyokuwa amevaa. Nilicheka siku tatu. Hicho ndicho kicheko pekee nilichowahi kumcheka kaka kwa haki, kwa hiyo mnisamehe nikikitaja.

Matokeo yalipotoka, babu alimwita kaka chumbani kwake, akafungua kisanduku cha bati, akatoa cheni ya saa, pamoja na saa yenyewe. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Vijana, nitawaeleza. Zamani saa haikuvaliwa mkononi. Ilikaa kwenye mfuko mdogo wa kizibao, kile kikoti kisicho na mikono, ikafungwa kwa cheni ili isianguke. Cheni hiyo ilipita tumboni, katikati ikashikwa na kijiti kidogo kinachopenya tundu la kifungo, na ncha ya pili ikaning'iniza kipambo. Ya babu ilikuwa ya dhahabu, pingili zake nene katikati na nyembamba miishoni, na kipambo chake kilikuwa na kijiwe chekundu. Babu aliachiwa na mkuu wa stesheni, mkuu huyo alipostaafu, naye aliirithi kwa baba yake. Babu aliivaa mara nne tu kwa mwaka. Siku hizo watu waliokuwa wakimpita pale kwenye kengele bila hata salamu walivuka barabara kuja kumpa mkono.

Baada ya kumkabidhi kaka, babu akaniita na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikwenda mbio, maana nilijua mle kisandukuni kulikuwa na pete mbili pia. Akanipa mkasi. Mkasi wa marehemu bibi, wa kukatia nguo, mpini mmoja umefungwa uzi. Nikasema asante, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya choo nikalia. Tangu siku hiyo nilimwonea kaka wivu. Nalisema waziwazi hapa mbele ya jeneza lake, na sikumwonea wivu wa kitoto ule unaopita. Ulikua nami, ukaota meno nami, na ya kwangu yalipoanza kung'oka, wenyewe ulikuwa bado nayo yote.

Mwezi Februari 1964 marehemu aliajiriwa posta, kwanza kupanga barua, kisha kuanzia mwaka 1967 dirisha la tatu, la stempu. Hapo ndipo Bwana Saa alipozaliwa. Kwa kuwa kaunta ilikuwa juu na ilimfika kifuani, cheni haikuonekana, kwa hiyo akaweka ubao chini ya kiti, na juu ya ubao akaweka madaftari mawili ya zamani. Alipokaa, cheni ikawa juu ya kaunta kabisa. Foleni ya dirisha la tatu ilifika mlangoni huku karani wa dirisha la pili akipiga miayo. Mtu akiuliza, "Saa ngapi, bwana?" kaka hakujibu upesi. Aliivuta saa taratibu, akaifungua kifuniko, akaisoma, akakifunga. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, kubwa kama sinia, na muulizaji alikuwa anaiona vizuri.

Mimi nilijifunza ushonaji, na mwaka 1968 nikafungua chumba changu mtaa wa nyuma ya posta: cherehani moja, meza ya kukatia, kioo chenye ufa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa kaka. Alitaka kizibao. Nikamshonea cha kijivu, bitana nyeusi, na matundu ya vifungo nikayatia uzi kwa mkono. Kikamkaa. Akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Si kibaya." Kuanzia hapo nilimshonea kizibao kimoja karibu kila baada ya miaka miwili, na kila mara aliniambia hivyo hivyo.

Kizibao cha mtu mwenye cheni hakikatwi kama cha mtu mwingine. Inabidi ujue cheni ina uzito gani, inalegea kiasi gani, tundu la kijiti likae kifungo cha ngapi. Kwa hiyo mara moja kaka aliniachia cheni dukani kwa siku moja. Alipopinda kona tu, nilifunga mlango nikakimbia nayo kwa sonara. Sikwenda kuiuza. Nilikwenda nikiomba iwe shaba.

"Mzee," nikamwambia, "hii si imepakwa rangi tu?"

Sonara akatia kilenzi jichoni, akaipitisha cheni vidoleni taratibu kama anayehesabu tasbihi. "Imepakwa? Njoo uone. Kila pingili ina muhuri wake. Moja moja, mpaka hizi ndogo za mwisho. Hii ni dhahabu, kijana, ina zaidi ya miaka mia, na aliyeitengeneza hakuwa na haraka. Ni yako?"

"Ya kaka."

"Ahaa." Akanirudishia. "Basi pole."

Ile pole ilinikaa kooni miaka hamsini.

Tarehe 6 Mei 1972, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Shemeji alivaa hereni za dhahabu za mama yake na pini ya kifuani yenye umbo la jani, na kwa mara ya kwanza kaka alikuwa na mshindani. Shemeji mwenyewe amezoea kutuambia, "Mimi ni mke wa pili. Wa kwanza ni ile cheni." Kizibao cha harusi nilikishona mimi, cha rangi ya maziwa, na hapa lazima niungame. Mfuko wa saa niliukata mfupi. Nilijiambia kitambaa hakikutosha. Kitambaa kilitosha, na kilichobaki nilishonea mto.

Nilitaka saa imwanguke mbele ya watu. Haikuanguka. Kila alipoinama kusalimu wazee ilichungulia nusu nje ya mfuko, ikimetameta, naye kaka akairudisha kwa vidole viwili kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Mpiga picha akampiga saa ikiwa imechungulia, akaibandika picha ile dirishani kwake. Mwezi haukuisha, wanaume wakaanza kuja dukani kwangu.

"Fundi, nataka kizibao, mfuko mfupi, saa ichungulie."

"Una saa?"

"Nitatafuta."

Ndiyo ikawa mtindo wa mji mzima. Wenye saa walivaa saa. Wasio na saa walivaa cheni, na mwisho wake kwenye mfuko kukawa na ufunguo. Kinyozi wetu, yule pale anacheka, alivaa mnyororo wa kizibo cha sinki, alioung'arisha kwa majivu. Mtu mwenye cheni alipewa kiti, mwenye cheni nene alipewa kiti cha mbele. Na wote walikuwa wakimwiga kaka yangu, kwa sababu ya kitu nilichokifanya ili aaibike. Niambieni, mtu atalalaje?

Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Walikuja wakisema, "Jaribu kuiga kile cha Bwana Saa." Mimi nikidhani wanajua nani kakishona kile cha Bwana Saa, nilijibu naweza. Nikashona kwa mikono ile ile, mkasi ule ule. Wakavaa, wakajitazama kwenye kioo changu chenye ufa, wakasema, "Umejitahidi, fundi. Ila kile cha kaka yako kina kitu." Mmoja alinipiga begani kwa huruma. Nikaamini kwamba hicho "kitu" ni cheni. Kwamba hata nikishona nini, kila jicho litatua kwenye ile dhahabu na mshono wangu hautaonekana na mtu milele.

Marehemu na shemeji walibarikiwa mtoto mmoja, binti, mwaka 1975, ambaye leo ni muuguzi. Marehemu alikuwa baba mpole. Alimfundisha binti yake kusoma saa kabla hajajua kusoma herufi, akiwa amemkalisha mapajani na kumwachia aing'ate cheni. Alistaafu posta tarehe 31 Agosti 2006. Siku ya mwisho alishusha ubao na yale madaftari yeye mwenyewe, akamwachia karani aliyempokea kiti kitupu, na karani huyo, nasikia, hakuonekana na wateja wiki nzima.

Ugonjwa wake niliujua mimi kwanza. Mwezi Oktoba 2022 alikuja kupimwa kizibao kipya. Tumbo la kaka kwa miaka ishirini lilikuwa inchi arobaini. Futi ya kupimia ikasoma thelathini na saba. Nikapima tena. Nikamwambia, "Kaka, umepungua." Akasema ni viatu. Viatu! Machi 2023 ilikuwa thelathini na nne, na cheni ilikuwa inaning'inia tumboni mpaka karibu na mkanda. Nilimfungia duka, nikampeleka hospitali kwa lazima. Daktari alisema ini, na alisema tumechelewa. Kuanzia hapo nilikuwa nikivipunguza vizibao vyake kimoja kimoja kila mwezi, ili akienda kliniki asionekane ameazima nguo. Nilipokuwa nikifumua ile mishono yangu nililia, na mkitaka kujua, hata hapo nilikuwa na wivu. Wauguzi walikuwa wakisogea kitandani kwake kuuliza saa.

Mchana wa tarehe 11 Mei mwaka huu alimwomba shemeji atoke kidogo. Nikabaki naye. Alikuwa amevaa kizibao juu ya nguo za hospitali.

"Mdogo wangu," akasema, "watu wakiniuliza kizibao nimeshonewa wapi, unajua nilikuwa najibu nini?"

"Najua. Unasema kwa mdogo wangu."

"Nilikuwa nasema kimetoka nje. Nimeagiza."

Sikuelewa. Nikamwuliza nje wapi.

"Nje tu. Ng'ambo. Miaka yote hiyo. Na nikawaambia wasikwambie, kwamba utaumia ukijua sivai nguo zako."

Nilikaa chini. Nikawakumbuka wote waliowahi kunipiga begani. Ninyi. Mlikuwa mnanihurumia! Mnaleta vitambaa kwa fundi maskini ambaye hata kaka yake wa damu havai nguo zake, mnamwomba aige kazi yake mwenyewe, halafu mnamwambia amejitahidi.

"Kwa nini, kaka?" nikamwuliza. "Ulikuwa na kila kitu. Ulikuwa na cheni."

"Siku ile babu aliponipa cheni, wewe ulikuwa nje bado. Nilimwuliza mkasi ni wa nani. Akaniambia, 'Ule ni wa mdogo wako. Yeye ana mikono. Wewe huna, basi nakupa cha kuning'iniza.'" Akavuta pumzi. "Cha kuning'iniza. Wakija pale dirishani, nusu yao walikuwa wanasifu kizibao. Ningekutaja, ningebaki na nini mimi? Nilikuonea wivu. Sana tu. Mdomo wangu hauwezi kuwaambia watu. Siku ya wasifu wangu waambie wewe, nitakuwa nimelala, sitaweza kukukatiza."

Kisha akafungua kijiti kwenye tundu, mwenyewe, akaninyooshea cheni. "Chukua. Fanya upendavyo." Nisiwadanganye, niliichukua kabla hajamaliza sentensi.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto. Mimi nilikuwa dukani nikimaliza kizibao alicholala nacho sasa. Nilikusudia akivae akiwa hai. Nilibakiza vifungo viwili.

Hapa wasifu nilioandika umeisha. Haya yanayofuata yametokea leo asubuhi.

Nilimvisha kaka mimi mwenyewe, nikamfunga kizibao chake cha bluu iliyokolea. Sijawahi kushona kizuri kuliko hicho. Cheni sikumfunga. Niliitia mfuko wa koti langu. Nilisema moyoni: leo mtapita hapa mmoja mmoja, hakuna dhahabu ya kuwapofusha, na mtakiona kizibao. Leo angalau. Nikasimama kichwani mwa jeneza pale sebuleni, nikangoja.

Kinyozi akapita. "Cheni yake iko wapi?" Karani mstaafu wa dirisha la pili akapita. "Mbona hana cheni?" Mpiga picha, jirani wa mkono wa kushoto, jirani wa mkono wa kulia. "Cheni jamani?" Mama mmoja nisiyemjua alininong'oneza kwamba watu wa chumba cha maiti siku hizi si wa kuaminika. Nilihesabu sitini na wawili, nikaacha kuhesabu. Hakuna aliyetaja kizibao. Niliisikia ile cheni nzito mfukoni, nikatamani nimfunike kaka blanketi tupumzike wote.

Wa mwisho alikuwa binti yake. Alisimama muda mrefu. Akainama, nikadhani anambusu baba yake, kumbe anatazama tundu la kifungo kwa karibu. Akaligusa kwa kidole.

"Baba mdogo," akasema, "hiki umekishona wewe."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Hapa mwisho wa tundu umezungusha uzi mara tatu. Sare zangu zote za shule ulizonishonea zilikuwa hivi." Akageukia ukuta, penye picha za baba yake, akasogea, akazitazama moja baada ya nyingine, ya harusi, ya posta, ya kustaafu. Akageuka na macho yamejaa. "Na hivi. Vyote. Baba alituambia vimetoka nje. Baba mdogo, mbona hukusema?"

Nilitoa cheni mfukoni nikamvika shingoni palepale, ikazunguka mara mbili, kijiwe chekundu kikakaa kifuani.

Mnamwona amekaa safu ya mbele. Nimekuwa nikimtazama tangu nianze kusoma. Inampendeza kuliko ilivyompendeza baba yake, na kuliko ambavyo ingenipendeza mimi, na ninyi nyote mmekuwa mkimtazama yeye badala ya kunisikiliza. Roho imeniuma, sikatai. Ila haijauma sana.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja, fundi nguo wa mtaa wa nyuma ya posta, aliyemshonea vizibao ishirini na saba, na hakuna hata kimoja kilichotoka nje.

Lala kwa amani, kaka. Kimekukaa vizuri.